Impela ya Elfu Kumi na Tano

Baba alinipigia kutoka Mafia akitaka impela. Ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Kazi yake ni kuvuta maji ya bahari yapoze injini ya boti. Injini yetu ni ya nguvu za farasi 15, na umri wake unazidi wangu. Ndiyo iliyonisomesha hadi nikafika Dar es Salaam kusoma uzamili.

Kariakoo, muuzaji aliniwekea mbili mezani.

"Hii orijino, 60,000. Hii ya kawaida, 15,000. Mashine hizi za zamani, spea zake hatuletewi nyingi siku hizi."

Baba alikuwa amenitumia 60,000 kamili. Nilichukua ya kawaida. Chenji nikachapishia andiko langu la utafiti.

Wiki ya tatu ule mpira ulikatikakatika wakiwa baharini. Maji yakaacha kutoka, injini ikachemka, pistoni ikakwama ndani ya silinda. Baba na vijana wake wawili walirudi kwa kupiga makasia, wakafika usiku wa manane.

Nilipompigia nilisema, "Shikamoo Baba," nikashindwa kuendelea.

"Marahaba. Usijali mwanangu, mashine imezeeka." Kisha akauliza kama andiko limepita.

Limepita. Sasa natafuta pistoni, ringi na gasketi, zote orijino. Bei niliyotajiwa ni ya malaki, na Baba bado hajui ile impela niliinunua kwa shilingi ngapi.