Zamu za Usiku Grenoble

Grenoble ni mji wa bondeni kusini-mashariki mwa Ufaransa, umezungukwa na milima ya Chartreuse, Vercors na Belledonne. Mto Drac unapoungana na Isère pana jengo kubwa la mviringo ambalo ukiwa juu mlimani unalitambua mara moja. Ni sinkrotroni ya Ulaya, mtambo wa pete kubwa unaotoa eksirei, uliofunguliwa rasmi 1994. Hapo ndipo nilipopitisha usiku mwingi mwishoni mwa 2018, mwanafunzi niliyetoka Lubumbashi kwenda kutafiti betri.

Kipindi kile kilikuwa cha pilikapilika. Ilijulikana kwamba Desemba mtambo ungezimwa, pete yote ing'olewe na mpya iwekwe mahali pake. Kila kikundi cha watafiti kiliwania zamu kabla mlango haujafungwa. Sisi tulipata zetu kupitia maabara ya chuo, baada ya ombi letu kupimwa na wataalamu pamoja na maombi mengine mengi.

Ndani ya pete ile yenye mzunguko wa mita 844, elektroni hukimbia kwa kasi inayokaribia ya mwanga, zikizunguka zaidi ya mara 350,000 kwa sekunde. Sumaku huzipinda njia, na kila zinapopindwa hutoa eksirei kali mno kuzidi zile za hospitalini. Kuizunguka pete vimepangwa vituo vya utafiti. Huyu anachunguza protini, yule mifupa ya kale iliyogeuka mawe, nasi tulikuwa na betri zenye ukubwa wa sarafu, tulizozifunga wenyewe ndani ya sanduku lililojaa gesi ya agoni kwa sababu lithiamu haipatani na hewa yenye unyevu.

Zamu moja ni saa nane, na mtambo haujui usiku wala mchana. Kabla ya kuruhusu miali ya eksirei, mmoja wetu aliingia chumba chenye kuta za madini ya risasi, akapita kila pembe kuhakikisha hamna mtu, akibonyeza vitufe vya ukaguzi kimoja baada ya kingine. King'ora kililia, mlango ukajifunga kwa kufuli ambalo hakuna awezaye kulifungua miali ikiwa ndani. Niliupenda utaratibu ule. Uhai wa mtu haukuachiwa kumbukumbu ya mtafiti aliyechoka saa tisa za usiku.

Tulichofuata pale hakipatikani kwa kupasua betri iliyokwisha kufa. Kuipasua ni kama kuuliza habari za ugonjwa matangani. Tulitaka kuiona ikiwa kazini, inajaa chaji na kuitoa. Elektrodi yake chanya ilikuwa na nikeli, manganisi na kobalti, zimejipanga pamoja na oksijeni kwa tabaka, na lithiamu imekaa katikati ya tabaka hizo. Eksirei zikipenya humo hutawanyika kwa pembe maalumu. Ukizipima pembe, unajua tabaka na tabaka zimeachana kiasi gani.

Betri ilipoanza kuchajiwa na lithiamu kuhama, mistari kwenye kompyuta ilisogea taratibu upande mmoja: tabaka zilikuwa zinatanuka. Chaji ilipokaribia kujaa, mistari ikageuka na kukimbilia upande wa pili. Tabaka zilikuwa zinabanana kwa ghafla. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo vitabuni, lakini kuliona likitokea mbele yangu ndani ya betri niliyoifunga kwa mikono yangu kulinifanya nisimame kitini. Kutanuka na kubanana kwa namna hiyo, kukirudiwa kila siku, hutia nyufa kwenye chembe za elektrodi. Ndiyo moja ya sababu betri ya simu au ya gari huchoka.

Asubuhi nilimpigia Mama, akiwa sokoni anauza unga.

“Umekula, mwanangu?”

“Nimekula, Mama. Usiku kucha tulikuwa tunaangalia kobalti.”

“Hayo mawe ya Kolwezi yamefika mpaka huko?”

Sikujua punje zile zilitoka shimo gani, ila zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nikamwambia huenda.

“Na Wazungu wanayajua kuliko sisi tunaoyachimba?”

“Kwa ndani wanayajua zaidi, Mama. Wana chombo cha kuyaangalia.”

Jibu hilo sijalipenda mpaka leo, lakini ni kweli. Mwaka 1980, kundi la John Goodenough pale Oxford lilionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inafaa kwa betri, na 2019 yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mtambo wa Grenoble ulirudi kwa watafiti Agosti 2020, eksirei zake zikiwa zimeongezewa mng'ao takriban mara 100. Afrika bado haina sinkrotroni hata moja.

Wanaosema chombo hicho ni cha matajiri tu watazame Jordan. Sinkrotroni ya SESAME, iliyofunguliwa 2017, ilianza kwa vipande vya mtambo uliostaafu Berlin, uliotolewa na Ujerumani. Misri, Palestina, Israeli, Iran, Pakistan na wengine wanaugharimia pamoja, ijapokuwa baadhi yao hawapatani kisiasa. Sisi wenye kobalti ya Kongo, nikeli ya Kabanga nchini Tanzania na grafiti ya kusini mwa nchi hiyo tuna sababu kubwa zaidi ya kushirikiana. Serikali zetu zianze sasa: zisomeshe vijana, zijenge maabara za vyuo, kisha ziweke fedha pamoja kwa ajili ya mtambo wa Afrika. Anayeuza jiwe asilolijua hupangiwa bei na anayelijua.