Mwanya Uliozidi Kipimo

Boila ya kiwandani na tangi la gesi ni vyombo vinavyobeba kanieneo kubwa usiku na mchana, na mahali pa kwanza pa kutilia shaka katika vyombo hivyo ni pale bamba moja la chuma lilipounganishwa na jingine. Tumewahi kupata nafasi ya kukaa siku kadhaa katika karakana inayounda vyombo vya namna hii, tukitazama kazi na kuuliza maswali. Yale tuliyojifunza huko yametufaa sana katika ufundishaji wa hesabu, na tungependa kuyaeleza kwa wenzetu wanaojiandaa kufundisha shule za msingi.

Kwanza ifahamike kuwa kazi hii haina mzaha. Tarehe 20 Machi 1905, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, Massachusetts, nchini Marekani, ilipasuka ikaua watu 58. Miaka miwili baadaye jimbo hilo lilitunga sheria ya boila, na mwaka 1914 Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani kikakamilisha kanuni zake za kwanza za kuunda boila. Kanuni hizo zimerekebishwa mara nyingi, na hadi leo zinafuatwa katika nchi nyingi.

Kabla ya kuchomelea, kingo za mabamba mawili husagwa mshazari, ili zikikabiliana zifanye umbo la herufi V. Chini ya V huachwa mwanya mdogo, aghalabu wa milimita 2 hadi 4, kwa mujibu wa maelekezo yaliyoandikwa kwa kazi hiyo. Ukiwa mwembamba mno, chuma kilichoyeyuka hakifiki chini. Ukiwa mpana mno, tuseme milimita 10, chuma hudondoka, na fundi hulazimika kukijaza kwa wingi. Chuma hicho kikipoa hunywea, huvuta mabamba, hupotosha umbo la chombo, na huacha ndani ya kiungio mvutano unaoweza kuzaa nyufa.

Iko njia ya mkato inayojulikana na mafundi wote, na iliyokatazwa na wote walio waaminifu. Fundi huchukua kipande cha nondo, akakilaza ndani ya mwanya, akapitisha mstari mzuri wa kuchomelea juu yake. Kwa nje kiungio hupendeza. Kwa ndani nondo haikushikamana na bamba, imefunikwa tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakuruhusu ufa uzibwe kwa kitu chochote.

Njia ya haki ni ndefu. Fundi husimamisha kazi, hupima mwanya, na huwaarifu msimamizi na mkaguzi. Hutafutwa sababu: je, bamba lilikatwa fupi, au halikukunjwa sawasawa? Kama mabamba yanaweza kusogezwa yakakaribiana bila kulazimishwa, husogezwa. Kama hayawezi, na idhini imetolewa, ukingo hujengwa. Mabamba yakiwa bado hayajaunganishwa, fundi huchomelea juu ya ukingo wenyewe, tabaka jembamba juu ya jingine, akisafisha kila tabaka kabla ya kuweka linalofuata. Kisha husaga ukingo hadi V na mwanya virudie vipimo vyake. Ukingo mpya huchunguzwa kwa rangi inayopenya nyufa, au kwa sumaku na unga wa chuma. Hapo ndipo kiungio huchomelewa kama kingine chochote. Mwanya ukiwa mpana kupita kiasi, sehemu hiyo hukatwa na bamba jipya kuwekwa.

Mwisho, kiungio hupigwa picha ya eksirei, na chombo kizima hujazwa maji yakasukumwa kwa kanieneo inayozidi ile kitakayobeba kazini. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi kwa urahisi kama hewa, hivyo chombo kikishindwa hakilipuki kwa nguvu nyingi.

Sasa tuingie darasani. Mpe mwanafunzi wa darasa la tano agawanye 612 kwa 6. Wengi hujibu 12. Mwanya uko wazi: mtoto hajui nafasi ya makumi ina kazi gani inapokosa kitu. Tumeona walimu wakiziba mwanya huo kwa nondo: “Ukikwama, weka sifuri katikati.” Mtoto huandika 102, mwalimu hutia alama ya vema, na daftari hupendeza. Lakini mpe mtoto huyo 672 kwa 6, naye atatia sifuri isipohitajika. Jibu sahihi ni 112.

Kujenga ukingo huanzia kwenye chuma kizima, yaani kwenye yale ambayo mtoto anayajua kwa hakika. Anajua kuhesabu vijiti. Basi tufunge vijiti 612: mafungu sita ya mia, fungu moja la kumi, na vijiti viwili. Awagawie wenzake sita. Kila mmoja hupata fungu moja la mia. Fungu la kumi halitoshi watu sita, kwa hiyo hakuna apataye fungu la kumi. Hapo ndipo sifuri inapoandikwa, na mtoto anaona kwa nini. Fungu hilo hufunguliwa, vijiti vinakuwa 12, kila mmoja hupata viwili. Tabaka hili likishika ndipo tuendelee na jingine, mathalani 824 kwa 8, ambayo ni 103. Hatimaye tumpime kwa maswali yaliyochanganywa, yenye sifuri na yasiyo nayo, bila kumdokeza.

Hata hivyo, mfano wetu una mpaka wake. Chuma hakina haya. Mwanya wa bamba hauendi kujificha fundi anapokuja na kipimo, lakini mtoto wa darasa la tano ambaye hajui jambo la darasa la tatu ataficha kwa bidii zake zote. Atanakili kwa jirani, ataitikia pamoja na darasa, atainamisha kichwa. Kwa hiyo mwalimu anayepima kwa kukemea hatapata kipimo chochote.

Mtasema kuwa muhtasari ni mrefu, vipindi ni vichache, na darasa lina watoto wengi. Ni kweli. Fundi naye anadaiwa chombo kwa tarehe maalumu, na kujenga ukingo humla siku nzima ambayo hakuipanga. Lakini tangi lenye nondo ndani hurudi karakanani likijazwa maji, kwa kuwa kuna mkaguzi anayengoja. Mtoto aliyepitishwa darasa kwa kufunikwa mwanya hukutana na kanieneo yake mbali na macho yetu: dukani, kwenye mizani ya mazao, mbele ya karatasi anayotakiwa kuitia sahihi. Hakuna atakayemrudisha kwetu. Basi katika mazoezi yenu ya kufundisha, wiki ya kwanza itumieni kupima kabla ya kuanza kujaza.