Mashini ya kutoboa beto: pesa ya watu sita



Leo sileti habari ya mkutano. Kaka yangu mkubwa ni masoni. Tangu mto Mulongwe ufurike usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, kazi nyingi anazopata ni za kurudishia: kuunga ukuta uliobaki, kufunga mlango wa chuma kwenye beto ya zamani. Lazima atoboe. Kwa patasi na nyundo, tundu moja lilimla nusu saa.

Walinunua mashini ya bei ndogo, yenye alama ya nyundo ubavuni. Siku ya nne ilitoa moshi. Pesa ilikuwa ya watu sita, na wawili kati yao nyumba zao zilikwenda na maji. Walipochanga tena waliniambia: "Wewe unasoma Kifaransa, twende wote."

Nilijifunza hivi. Ile ya kwanza inatikisika kwa meno ya chuma yanayosuguana. Mtu anasukuma kwa kifua na mota inachemka. Mashini ya kweli ya beto ina pistoni ndani. Pistoni inabana hewa, hewa inarusha kinyundo. Wewe unaielekeza tu. Kwenye karatasi yake tafuteni nguvu ya pigo, inayoandikwa kwa herufi J. Yetu ina karibu 3, wati 800, uzito wa kilo 3 hivi, na inashika ncha za SDS-plus. Zile kubwa za SDS-max ni za kuvunja beto nene; ni nzito, na jenereta ndogo haziwezi.

Muuzaji alitusifia ya betri. Kaka akamuuliza: "Umeme ukikatika siku mbili, betri nitachajia wapi?" Ya waya tunaichomeka hata kwenye jenereta ya jirani, kilowati 2. Ila waya wa kurefusha usiwe mwembamba: umeme unafika umechoka, mota inaungua.

Tulikataa kulipa kabla ya kuijaribu kwenye kipande cha beto tulichobeba wenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa mlango wa mama mmoja mjane. Tundu la milimita 14 liliisha kabla sijahesabu hadi 60. La pili ncha ilikwama kwenye chuma cha ndani. Mashini ikajiachia yenyewe, mkono wa kaka haukupinda. Hakulazimisha. Alisogea vidole vitatu, akatoboa upya. Vaeni barakoa ya vumbi na miwani, vumbi la beto linaharibu mapafu.

Sasa mashini inalala kwa mke wa mmoja wao, kwa sababu yeye ndiye anayeandika daftari: nani ameichukua, ameirudisha lini, ameweka kiasi gani kwa ajili ya ncha mpya. Juzi kaka yangu aliichelewesha siku moja. Alilipa faini kama wengine.