Kutoka Kianjai hata Kilima cha Nabugoye

Msafiri atokaye Meru kwenda Maua huipita Nchiru, ilipo nyumba ya wazee wa Njuri Ncheke, kisha hufika Kianjai na soko lake, katika nchi ya Watigania. Huko wazee husimulia habari za Mbwaa: jinsi Wameru walivyotawaliwa na Nguo Ntune, wakatoroka wakiongozwa na Koomenjwe, wakavuka maji. Waliovuka usiku wakaitwa Weusi, wa alfajiri Wekundu, na waliovuka jua limetoka Weupe. Kwa kuwa habari hii yafanana na ile ya Musa, na Wameru nao hutahiri, wako wasemao kwamba asili yao ni Uyahudi. Kufanana si udugu. Ng'ombe wawili weusi si lazima wawe wa mama mmoja. Lakini atakaye kumwona Mwafrika aishikaye dini hiyo, na afunge safari mpaka Mbale, Uganda, kwa njia ya Nanyuki, Nakuru, Eldoret na Tororo.

Karibu na mji huo ni kilima cha Nabugoye, makao ya Abayudaya. Dini yao ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki. Mwaka 1919, baada ya kulisoma sana Agano la Kale, alitahiriwa pamoja na wanawe.

Sala kubwa ya Wayahudi huitwa Amida, yaani kusimama, nayo ni wajibu mara tatu kwa siku. Msali huinama mara nne tu: mwanzo na mwisho wa baraka ya kwanza, inayowataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na mwanzo na mwisho wa baraka ya shukrani. Huinamisha mgongo mpaka pingili zilegee, akainuka alitamkapo jina la Mungu. Walimu wa kale walifundisha kuinama upesi na kuinuka polepole. Apendaye kuonekana mcha Mungu kuliko wenziwe, akainama katika kila baraka, hukatazwa. Zamani kuhani mkuu ndiye aliyeinama katika kila baraka, na mfalme akiisha kuinama hakuinuka mpaka amalize. Kadiri cheo kilivyozidi, ndivyo mgongo ulivyoshuka.

Na mzee ambaye jembe limemharibu kiuno? Huyo akitikisa kichwa yatosha. Hata aliyesahau kuinama hairudii sala. Wajibu wake umetimia. Lakini aliyeisema baraka ya kwanza huku moyo wake uko sokoni, huyo kwa asili ya sheria hakutimiza kitu, ingawa aliinama vizuri.

Mwaka 1971 Idi Amin aliitwaa serikali, kisha akaipiga dini hiyo marufuku. Wengi waliiacha. Waliobaki walisali kwa siri mpaka alipoondolewa mwaka 1979. Hata hivyo, mwaka 2002 marabi walipokuja kutoka ng'ambo, watu wapatao 400 walizamishwa majini kama wageni wa dini, baada ya vizazi kadhaa vya kuinama. Neno hilo halikuwa jepesi, na wenzao wa kijiji cha Putti walikataa, wakitaka kupokewa na Waorthodoksi. Gershom Sizomu, kijana wa jamii hiyo, alipewa urabi mwaka 2008. Siku ya Sabato huko Nabugoye husaliwa kwa Kiebrania na Kiganda, na wafikapo kwenye shukrani, wazee na vijana huinama pamoja, kila mtu kadiri ya mgongo wake.