Mwanga Uangukie Wapi

Watu wakisikia kwamba maisha yangu ya kazi yalikuwa kwenye taa za mbele za treni, swali la kwanza huwa lile lile: balbu yake ni ya wati ngapi? Huwajibu, kisha naongeza kwamba wati si hoja. Balbu ya wati 200 ikining'inia peke yake mbele ya kichwa cha treni haimsaidii dereva kuona hata mita 50, kwa sababu mwanga wake unatawanyika kila upande: juu angani, chini kwenye kokoto, na nyuma machoni mwake mwenyewe. Ichukue balbu hiyo hiyo, iweke mahali pake ndani ya bakuli lenye umbo la parabola, na dereva atamwona ng'ombe aliyelala relini mita 250 mbele yake. Umeme haukuongezeka hata kidogo.

Parabola ina tabia moja ambayo sijawahi kuichoka. Ndani yake kuna nukta inayoitwa fokasi. Mwale wowote unaotoka kwenye nukta hiyo, hata ugonge ukuta wa bakuli wapi, hutoka nje ukiwa sambamba na wenzake. Bakuli nililolijua kuliko yote lilikuwa na upana wa milimita 300, na fokasi yake ilikuwa milimita 75 kutoka kitakoni. Ukilichora utaona kwamba kina chake nacho ni milimita 75, yaani fokasi inaangukia kwenye usawa wa mdomo. Sasa gawanya mita 300 za njia kwa milimita hizo 75, unapata 4,000. Kwa hiyo waya wa ndani ya balbu ukihama milimita moja tu, mwanga unahama mita 4 kule mbele. Waya ukipanda, mwanga unashuka. Waya ukienda kushoto, mwanga unakwenda kulia. Na kwa kuwa waya wenyewe si nukta, ukiwa na urefu wa milimita 10 unatoa mwanga wenye upana wa mita 40 kwenye umbali huo huo. Hesabu hii fupi ndiyo niliyoishi nayo.

Niliingia karakana kuu ya reli Nairobi mwaka 1968 nikiwa mwanagenzi wa umeme, enzi za Reli za Afrika Mashariki. Njia ya Mombasa ilitawaliwa na injini za mvuke za Garratt za aina ya 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester na kuletwa mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja na jina la mlima, kila moja na uzito wa tani 250 hivi juu ya reli yenye upana wa mita moja. Anayetaka kujua ukubwa wake aende Makumbusho ya Reli pale Nairobi akasimame kando ya namba 5918, Mount Gelai. Mimi nilipewa kazi ya kusafisha taa zake.

Mabakuli ya wakati huo yalikuwa ya shaba iliyopakwa fedha. Fedha iliyong'arishwa vizuri hurudisha karibu asilimia 95 ya mwanga unaoigonga. Adui yake ni salfa, na mafuta mazito tuliyochoma kwenye matanuru yalikuwa na salfa tele. Bakuli lililotoka kupakwa likiwa jeupe liligeuka manjano, halafu kahawia, na likiachwa likawa jeusi kabisa upande wa juu ambako joto la balbu hupanda. Tulilifuta kwa pamba iliyolowa spiriti, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Kuzungusha mkono kulikatazwa. Chembe ya mchanga wa Tsavo ikizungushwa inachora duara zima; ikivutwa kwenda nje inaacha mstari mfupi, kisha inaanguka.

Msimamizi wetu alikuwa fundi wa Kisumu ambaye karakana nzima ilimwita Mwalimu. Saa sita mchana alichukua bakuli lililorudi kutoka kwa wapaka fedha, akatoka nalo nje, akalielekeza juani. Kisha akashika kijiti cha kiberiti kwa koleo ndefu na kukisogeza polepole ndani ya bakuli, mpaka kikawaka chenyewe.

"Umeona?" akaniambia. "Hapo ndipo balbu inapokaa. Siyo pale soketi inapotaka. Hapo."

Akapima kwa rula, akaandika milimita kwa chaki mgongoni mwa bakuli. Lililokuwa zima liliwasha kijiti mahali pamoja tu. Lililobonyea, hata kama jicho halikuona ubonyeo, lilichoma kijiti polepole na kwa eneo pana, au lilikataa kabisa. Nimekuja kutumia vyombo vya bei kubwa baadaye, na ninaviheshimu, lakini sijaona kipimo kilichomweleza mwanagenzi ukweli wa parabola upesi kuliko kile.

Mimi nilikuwa na hamu ya umbali. Nilijua kwamba nikitumia bakuli lenye fokasi ndefu nitapata mwanga mwembamba unaokwenda mbali, ingawa mwingi ungepotea pembeni bila kugusa ukuta. Na kwamba fokasi fupi, ya milimita 40 kwa mfano, inahitaji bakuli lenye kina cha sentimita 14, linashika mwanga mwingi zaidi, lakini linautoa ukiwa mpana. Nilichora maumbo ya kila namna, tukakereza kalibu za mbao ngumu, tukakandamiza bati la shaba juu yake kwenye mashine ya kukereza mpaka likashika umbo. Taa ya kwanza niliyoichora mwenyewe ilifungwa kwenye treni ya mizigo, nami nikapanda hadi Voi.

Dereva alikuwa mzee wa Taita, mpole, mwenye macho yaliyozoea giza. Kwenye nyika iliyonyooka alikaa kimya. Tulipoingia kwenye kona akanionyesha kwa kidole.

"Kijana, taa yako inaona mbali. Lakini inaona msitu."

Ilikuwa hivyo. Reli ikipinda kwa nusukipenyo cha mita 300, mita 100 tu mbele imeshaachana na mstari wa mwanga kwa karibu mita 17. Taa nyembamba inamulika miiba. Garratt ina nafuu kidogo, kwa sababu taa imefungwa juu ya tangi la mbele, na tangi hilo limekaa juu ya magurudumu yanayojipinda kivyake: sehemu ya mbele huanza kugeuka kabla boila la katikati halijageuka, na taa inageuka nayo. Lakini dereva yuko nyuma ya boila, mita nyingi kutoka kwenye taa hiyo, akichungulia pembeni mwa chuma. Mwanga unaoanguka karibu na magurudumu haumfai kitu. Anahitaji mwanga wa mbali uliopanuliwa kulia na kushoto, usiopanda juu wala kushuka.

Kazi hiyo si ya bakuli, ni ya lenzi. Kioo chenye mifuo ya wima hupanua mwanga kwa upana bila kuugusa kwa kimo. Tulikipata kioo hicho bure: madirisha ya vyoo vya mabehewa ya abiria yalikuwa na kioo cha mistari, na vipande vilivyovunjika vilijaa kwenye pipa la takataka nyuma ya karakana. Nilivikata, nikaviweka mbele ya taa, mistari ikiwa wima, na ukutani mwanga ukatanuka pande zote mbili. Tatizo ni kwamba mwanga hauzidi: ukiupanua mara mbili, nguvu yake katikati inabaki nusu. Nilichoamua, na bado naona ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote niliyofanya, ni kufunika theluthi ya chini tu ya taa. Kwa vile kila sehemu ya bakuli hutoa miale sambamba, theluthi hiyo ikatumika kwenye kona, na theluthi mbili za juu zikaendelea kupiga mbali. Yule mzee wa Taita aliipanda ile taa akarudi na neno moja tu: "Sasa."

Kuhusu ukungu nitasema kidogo. Huko Limuru, na zaidi kule Timboroa ambako reli hupita mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, madereva waliomba vioo vya manjano, wakiamini vinapenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganisha na mawimbi ya mwanga, hivyo yanatawanya rangi zote karibu sawa. Manjano hupumzisha macho, hayaongezi mita. Dawa ya ukungu ni kuishusha taa na kuzuia mwanga usipande juu ya mstari wa macho ya dereva.

Mwaka 1971 zilikuja dizeli za aina ya 92 kutoka Montreal, na mwishoni mwa miaka ya 1970 zile za aina ya 93 za General Electric. Mafundi wengi wa taa walidhani kazi yetu imekwisha. Taa za Kimarekani zilikuwa za kioo kilichozibwa: kiakisi, waya na lenzi vyote ndani ya chombo kimoja cha upana wa inchi 7, wati 200, volti 30. Kiakisi kilipakwa alumini kwa ndani, mahali ambapo salfa haiwezi kufika. Fokasi iliwekwa kiwandani. Jenereta ya kuchaji betri ilitoa volti 74, na vipingamizi vilikula volti zilizozidi. Wengi waliuliza kwa nini wasitumie tu balbu za volti 74. Sababu ni nzuri: kwa wati zile zile, volti ndogo hutaka waya mnene na mfupi. Waya mnene huvumilia mtikisiko wa treni, na waya mfupi unakaribia kuwa ile nukta ambayo parabola inaitaka.

Kazi yetu ikahamia kwenye volti na shabaha. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, balbu inang'aa kwa kupendeza, na umri wake unapungua kwa karibu nusu. Shabaha tuliipima kwa ubao wenye msalaba, uliosimamishwa mita 25 mbele ya kichwa. Marekani sheria ilitaka taa yenye kandela 200,000, yaani kipimo cha ukali wa mwanga unaotoka kwenye taa, inayoweza kumulika mtu futi 800 mbele, karibu mita 244. Nambari hiyo inaonekana kubwa mpaka uifikishe njiani. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: kandela 200,000 zikifika mita 300 ni laksi 2 tu na kidogo, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaofika mahali. Ukitaka kuona mara mbili ya hapo, unahitaji kandela mara nne.

Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri upya juu ya kazi yangu nzima. Treni ya mizigo iliyosheheni, ikishuka kuelekea pwani kwa kilomita 60 kwa saa, inaweza kuhitaji kilomita nzima kusimama. Dereva akimwona mtu mita 250 mbele, hawezi tena kufanya lolote ila kupiga honi. Anayeweza kufanya jambo ni yule aliye relini. Usiku mmoja karibu na Makindu nilikaa na watu wa genge la matengenezo, wenye kulala kando ya njia hiyo miaka na miaka, na mnyapara wao akanieleza kwa utulivu kwamba kwenye njia iliyonyooka taa moja ya treni haisogei. Inawaka mahali pamoja kwa muda mrefu, mtu anaamini bado iko mbali, halafu ghafla imefika.

Nilisimama nao tukaingoja treni ya Mombasa, na alichosema kilikuwa kweli tupu. Nukta moja haina upana wa kupimwa kwa jicho. Lakini ukiongeza taa mbili chini, zikiwa zimeachana mita 2 hivi, jicho linaona pengo, na pengo hilo linakua: kutoka kilomita moja hadi nusu kilomita limeshakuwa mara mbili, likifika robo ni mara nne. Mtu hahitaji kusoma fizikia kulitambua. Kanada ilikuwa imetangulia kufunga taa za chini za namna hiyo, na mwaka 1996 Marekani ikatoa kanuni ya kuzidai, zikifanya pembetatu na taa ya juu.

Nilipata ruhusa ya kuzijaribu kwenye kichwa kimoja. Tuliziweka juu ya bafa, kila moja ikielekezwa nje kidogo, na mimi sikupanda. Nilibaki chini, kwenye makutano ya barabara na reli, nikiwa na redio, nikimwambia dereva asogee au arudi. Madereva walizipenda kwa sababu nyingine: zilimulika kingo za njia ambako mbuzi na watoto hutokea. Mimi nilizipenda kwa sababu ya watu wa genge.

Nimestaafu, lakini miaka ya karibuni mhandisi kijana alinitafuta kuhusu taa za LED anazobuni. Chembe ya LED ni ndogo, kwa hiyo kiakisi nacho kinaweza kuwa kidogo. Lakini mwanga wake hutoka upande mmoja tu, na joto lake hukimbilia nyuma, hivyo lenzi inabaki baridi na umande haukauki kama ulivyokaushwa na balbu zetu. Alikuwa amefikiria yote hayo. Tulibishana juu ya pembe ya taa za chini. Mimi nilishikilia digrii 5 nje; yeye alitaka zaidi, akisema bodaboda huja kutoka pembeni, si kutoka mbele. Tukashuka kwenye kokoto na kipima mwanga chake, nikasimama pale bodaboda anaposimama, naye akasoma laksi kwa sauti. Alikuwa sahihi. Aliandika digrii 8 kwenye mchoro, nami nikamwambia aongeze kifuniko cha kuzuia mwanga usipande.