Mi ya Pwani

Mwalimu wa hesabu akirudi kutoka likizo, mbili na mbili bado ni nne. Mwalimu wa muziki hana bahati hiyo. Masikio yake husafiri pamoja naye, na mara nyingine hurudi na madai mapya.

Likizo ya Aprili 2023 sikuimaliza Nakuru. Baada ya Idi nilipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja, ingawa kila mtu alinionya kuwa masika si wakati wa matembezi. Mvua ilinyesha kweli. Lakini ndiyo iliyonifungia jioni tatu katika chumba cha mazoezi cha kikundi kimoja cha taarab, ubavuni mwa mpiga kanuni, mzee wa maneno machache.

Msomaji aijuaye taarab anisamehe nikieleza. Kanuni hulazwa mapajani. Nyuzi zake hufungwa tatu tatu kwa kila sauti, na pembeni mna vipande vidogo vya chuma ambavyo mpigaji huvigeuza ili kupandisha au kushusha sauti kwa kiasi kidogo kuliko kile cha piano. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze chombo hiki. Nilimwomba mzee anipigie rasti polepole. Alipofika sauti ya tatu, haikuwa mi niifundishayo, wala haikuwa mi iliyoshushwa nusu. Ilikaa katikati.

"Hapo kinanda chako hakipiti, mwalimu," akasema, akaendelea kupiga.

Nikamkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili, msichana aliyelelewa Lamu kabla ya babake kuhamishiwa Nakuru kikazi. Wenzake wa sauti ya kwanza walilalamika muhula mzima kwamba anashuka, wakataka aondolewe kwaya kabla ya mashindano. Niliwaambia tungoje tukifungua.

Tulipofungua mwezi wa Mei, darasa la muziki lilinuka chaki na unyevu. Nilifunika piano, nikamwomba msichana yule aimbe peke yake. Nikamrudisha mara nne. Mtu asiye na sikio hutangatanga, mara juu, mara chini. Yeye alitua pale pale kila mara, pale pale pa mzee wa kanuni.

Hata hivyo wimbo wa sauti nne una sheria zake. Mi yake ikigongana na ya teno, ukumbi mzima utasikia. Nikamwambia ajifunze na ya piano, kama alivyojifunza Kiingereza.

"Na hii ya nyumbani, Mwalimu, niiache?"

"Usiiache, mwanangu. Hiyo utatufungulia nayo wimbo wa pwani, peke yako, bila kinanda."

Kiongozi wa sauti ya kwanza alinuna, na sikumlaumu. Alikuwa amefunzwa kwa piano kama nilivyofunzwa mimi, na huenda mwamuzi naye alifunzwa hivyo hivyo. Kwa hiyo jioni ile, kabla ya kusahihisha daftari hata moja, niliandika maelezo ya sentensi tatu kuhusu rasti, nikayabana juu ya nakala ya wimbo itakayowekwa mezani pake.