Sita au Tisa? Tafakari Juu ya Kusikia

Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa tunaleta habari ya nyumbani kwetu. Tulisita kuiandika, ila ndugu zetu wote wameridhia, nao ndio wenye habari.

Sisi ni watoto wanne wa mama mmoja, tuliolelewa katika shamba la minazi upande wa Kigamboni, siku zile ambapo kwenda mjini kulikuwa ni kungoja kivuko na kuhakikisha umerudi kabla ya giza. Marehemu mama yetu hakujua kuandika, lakini alijua kusema. Mwaka 1991, alipoona ugonjwa umemzidi, aliomba aletewe radio kaseti, akaketi mkekani, akatugawia shamba kwa mdomo wake. Juu ya kitinda mimba wetu alisema kwamba sehemu yake ianzie kisimani, ihesabiwe kwa minazi ya mstari wa mpakani. Ni minazi mingapi? Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kaka yetu mkubwa alishika kwamba ni sita. Kitinda mimba alishika kwamba ni tisa. Dada yetu, aliyebonyeza kitufe cha kurekodia, anakiri kwamba wakati ule alikuwa akilia, hakuhesabu kitu.

Kwa miaka mingi neno hilo halikutuuma. Minazi ilizeeka, mingine ikakatwa, na leo hakuna awezaye kuihesabu. Lakini tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, likatuunganisha na Kurasini, mashamba mengi ya huku yamekuwa viwanja. Minazi mitatu ya mpakani si minazi mitatu tena. Ni nyumba ya mtu. Ikafika mahali ndugu wawili waliokula sahani moja hawaamkiani.

Kaseti ilikuwa bado ipo, imefungwa katika kitambaa cha khanga. Mpwa wetu aliihamishia kwenye simu, akatununulia na hedifoni, zile kubwa zinazofunika sikio lote. Tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kaseti kuukuu ina mchakacho wake, kama mvua juu ya makuti, na hedifoni zile ziliufanya mchakacho huo kuwa mkali kuliko sauti ya mama. Kila herufi "s" ilichoma kama sindano. Tukawa tunaongeza sauti ili tupate neno, na kelele nayo ikaongezeka. Usiku ule masikio yetu yalipiga mluzi hadi alfajiri.

Hapa tuseme jambo moja kwa faida ya vijana wetu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Ukifika desibeli 90, zimebaki saa 4 tu kwa juma zima. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio la binadamu zikifa hazioti tena. Mluzi usiokoma ni wa kupelekwa hospitali, si kwa fundi.

Sisi, mluzi ulipokoma, tulikwenda kwa fundi, kwa ajili ya hedifoni. Ni kijana mwenye meza yake karibu na kivuko, anayetengeneza simu. Alituamkia, akasikiliza kidogo, akatabasamu. "Wazee wangu, hamhitaji sauti zaidi. Mnahitaji kelele kidogo." Akafungua hedifoni mbele yetu.

Ndani yake tuliona kitu kinachofanana sana na ngoma: kiwambo chembamba cha plastiki, kilichogundishwa koili ya waya, na koili imekaa katikati ya sumaku. Umeme wa sauti ukipita katika koili, kiwambo hutetema na kusukuma hewa hadi sikioni. Lakini kila kiwambo kina mitetemo kinayoipenda kupita kiasi, kama vile chupa tupu ukiipuliza inavyotoa mlio wake ule ule. Hedifoni zetu zilipenda mitetemo ya juu, mahali pale pale unapokaa mchakacho wa kaseti. Dawa yake ni chujio: kipande cha karatasi laini, kitambaa au sponji kinachowekwa mbele ya kiwambo. Hewa ikipenya katika vitundu vidogo husuguana navyo na kupoteza nguvu, na mitetemo ya haraka ndiyo hupungua zaidi. Nyuma pia kuna tundu la kupumulia. Fundi alipoliziba kwa kipande cha utepe, sauti nzito za hedifoni zile zilififia, akaubandua.

Wala ujuzi huu si mgeni kwetu. Wagogo wa Dodoma huziba tundu la ilimba kwa utando wa buibui ili sauti yake ivume kwa namna wanayoitaka. Wao wanaongeza mvumo, sisi tulitafuta kuupunguza. Lakini utando mwembamba ndio huo huo.

Mara ya kwanza fundi alikata sponji nene. Tulifurahi mno! Mchakacho ulitoweka na sauti ya mama ikawa laini, kana kwamba anazungumza chumba cha pili. Tulifika kwenye lile neno. Kaka akasema, "Mmesikia? Sita." Kitinda mimba akasema, "Mmesikia? Tisa." Na sisi wengine, tukiri ukweli, tulisikia alichokisikia yule tuliyemwonea huruma zaidi siku hiyo.

Fundi akatueleza, na maelezo yake yamekaa nasi hadi leo. Sita na tisa zina irabu zile zile, "i" na "a", kwa mpangilio ule ule. Kinachozitenganisha ni "s" na "t" tu, na "s" hukaa juu sana, mara nyingi kupita mitetemo 4,000 kwa sekunde. Simu za zamani zilikata sauti kwenye 3,400, ndiyo maana tunapotajiana namba kwa simu tunalazimika kuuliza, "Tisa ile ya kabla ya kumi?" Sponji ile ilikuwa imeondoa kelele pamoja na herufi. Tulibaki na irabu, na katika irabu kila mmoja wetu akajazia tamaa yake.

Dada, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mwanangu, kifumbu hiki umekisuka mno. Hata tui halipiti." Ninyi mliokulia pwani mnajua. Kifumbu kikilegea, chicha humwagika ndani ya tui. Kikibana mno, unakamua hadi mikono inauma na sufuria bado kavu.

Fundi akaondoa sponji. Akakata duara la karatasi laini, tabaka moja tu, akatoboa tundu dogo katikati, akalibandika kwa utepe unaobanduka. Mchakacho ukabaki, ila umeshuka, na "s" ikarudi bila sindano yake. Safari hii tulikubaliana: sauti iwe chini, kila mmoja asikilize peke yake, asiseme neno, aandike namba kwenye kipande cha karatasi.

Kaka mkubwa alitangulia. Alisikiliza mara tatu. Sisi tulikuwa tunamtazama uso, naye alikuwa anatazama vivuko vinavyopishana. Kisha akavua hedifoni, hakuandika kitu. Akamgeukia mdogo wake. "Ni tisa, mdogo wangu. Nenda kapime."

Tulisikiliza wote baada yake. Ni tisa.

Wapendwa, chujio halikuongeza neno hata moja katika kaseti ile. Tisa ilikuwamo tangu mwaka 1991. Tulichokuwa tumekosa ni kipimo: kwanza tulipaza mno hata tukaumia, kisha tukafunika mno hata tukasikia tunachokitaka. Katika nyumba zetu tunafanya yote mawili. Wako wanaodhani kwamba wakipaza zaidi watasikilizwa. Na wako, pengine sisi sote, waliokwisha kuweka sponji nene masikioni, wakaita hali hiyo amani, na huku haki ya ndugu inapotea kwa herufi moja.

Tulipokuwa tunaondoka, kaka aliomba abaki kidogo na hedifoni zile. Baada ya ile hesabu ya minazi, kaseti inaendelea dakika kumi hivi: mama anakohoa, anafukuza kuku mkekani, anauliza nani amelisha mbuzi. Katika kugombea namba, hakuna kati yetu aliyewahi kuisikiliza hadi mwisho.